NILIPITA NCHI TATU KWA NCHI KAVU

Ndugu msomaji, watu wengi wa vijijini hudhani kwamba safari ya nchi za mbali ni ya ndege tu. Sivyo. Kutoka Dar es Salaam unaweza kufika Gaborone, mji mkuu wa Botswana, bila kupanda ndege hata mara moja. Mwezi wa Machi mwaka 2013 nilisafiri hivyo kwenda kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi huko. Nilipita Tanzania, Zambia na Botswana. Nilipanda treni, mabasi na pantoni. Njiani nilijifunza mambo ambayo yanafaa kujulikana na wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wadogo.

RELI YA UHURU

Treni yetu iliondoka Dar es Salaam mchana. Reli hiyo huitwa TAZARA. Watu wengi huiita Reli ya Uhuru. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Kwa nini ilijengwa? Zambia haina bahari. Ilipata uhuru mwaka 1964. Shaba yake, ambayo ndiyo mali yake kubwa, ilipitia Rodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1965 walowezi wa Rodesia walijitangazia uhuru wao ili waendelee kuwatawala Waafrika. Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake umeshikwa na adui. Ilihitaji mlango mwingine.

Rais Nyerere na Rais Kaunda waliomba msaada katika nchi za Magharibi. Waliambiwa kuwa reli hiyo haitakuwa na faida. China ilikubali. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1967. China ilitoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ilifunguliwa rasmi mwaka 1976.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Ilibidi kujenga madaraja zaidi ya 300 na kutoboa milima ili treni ipite ndani yake. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha. Watanzania na Wazambia pia walikufa kazini. Baadhi ya Wachina hao wamezikwa nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam.

Jioni tulipita katika Pori la Akiba la Selous. Sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Abiria walisimama madirishani. Twiga walikuwa wakila majani karibu na reli kama mbuzi wa kijijini. Watoto walipiga kelele, lakini twiga hawakujali.

Usiku tulipita bonde la Kilombero, lenye mashamba ya mpunga na miwa. Asubuhi tulikuwa kati ya Mlimba na Makambako. Hapo ndipo palipowatoa jasho wajenzi. Treni huingia gizani ndani ya mlima, ikitoka huko inakuta bonde refu, halafu inaingia gizani tena. Nilihesabu mahandaki mpaka nikachoka.

ONDOA SIFURI TATU

Jioni tulifika Tunduma, mpakani. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini ndugu wamebaki ndugu. Nilisikia mama mmoja wa Nakonde akimwita mama wa Tunduma "shangazi", wakacheka na kuulizana habari za wagonjwa.

Maofisa wa uhamiaji waliingia ndani ya treni. Walipiga mihuri katika pasipoti zetu. Waliuliza pia kadi za chanjo ya homa ya manjano. Tulirudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, kwa kuwa saa za Zambia ziko nyuma ya zetu.

Baada ya maofisa walikuja vijana wa kubadilisha fedha. Hapo nataka msomaji asome polepole.

Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilibadilisha fedha yake, kwacha. Iliondoa sifuri tatu. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Kwa miezi sita ya mwanzo noti za zamani na noti mpya zilitumika pamoja. Sisi tulifika katikati ya miezi hiyo.

Katika behewa letu alikuwamo mama mfanyabiashara kutoka Mbeya. Alikuwa anakwenda Zambia kununua bidhaa za kuuza kwao. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kikundi cha akina mama sita, kila mmoja alikuwa ametoa sehemu yake. Alitoa shilingi 300,000 ili zibadilishwe. Siku ile kwacha 1 mpya ilikuwa karibu shilingi 300. Kwa hiyo alitakiwa apate karibu kwacha 1,000 mpya.

Kijana alimpa noti 10 za zamani. Kila noti iliandikwa 10,000. Akasema, "Mama, noti moja hii ni sawa na kwacha mia moja mpya. Noti kumi ni elfu moja. Hesabu mwenyewe."

Mama alihesabu noti. Zilikuwa 10 kweli. Akataka kuzifunga katika kanga.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mmoja wa Zambia aliyejua Kiswahili kidogo. Akasema, "Mama, subiri. Usihesabu noti, hesabu sifuri. Ondoa sifuri tatu."

Alichukua kalamu akaandika juu ya gazeti: 10,000. Akafuta sifuri tatu. Ikabaki 10.

"Noti moja ni kwacha kumi, si mia," alisema. "Noti kumi ni kwacha mia moja tu. Kwa fedha yako unatakiwa upate noti mia moja kama hizi."

Mama alishtuka. Angepoteza sehemu tisa kati ya kumi za fedha za wenzake. Alimshika kijana mkono wa shati. "Mwanangu, rudisha fedha yangu. Hizi si zangu peke yangu!" Abiria wote walisimama. Kijana alirudisha shilingi zote, akaruka chini na kupotea kati ya watu.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kaka, mimi nasoma vizuri. Lakini kijana huyu alinisomea yeye, nami nikamsikiliza." Maneno hayo yaliniingia. Kujua kusoma hakutoshi ikiwa unamwachia mwingine akusomee.

Alibadilisha fedha yake baadaye katika duka lenye kibali, akapewa risiti.

VIWAVI NA UGALI

Asubuhi tuliamka kaskazini mwa Zambia, katika nchi ya Wabemba. Ukimkuta mtu mzima huko unasema "Mwapoleni". Ukisalimia hivyo, nyuso zinafunguka hata kama huna neno lingine.

Miti ni mingi na vijiji vimetawanyika. Mwalimu alinieleza kilimo cha zamani cha Wabemba, kiitwacho chitemene. Mkulima hupanda juu ya miti na kukata matawi. Hukusanya matawi mahali pamoja, akayachoma. Katika majivu yake hupanda ulezi. Majivu hupunguza ukali wa udongo wenye tindikali na kuurutubisha. Baada ya miaka michache mkulima huhama na kuiacha miti ichipue tena. Watu walipokuwa wachache njia hii ilifaa. Watu walipoongezeka miti haikupata muda wa kukua, na misitu ikapungua. Wakulima wetu wanaohamahama kwa kuchoma misitu wana jambo la kufikiri hapo.

Kila stesheni akina mama na watoto walikuja na vyakula vichwani: ndizi, karanga, mihogo, na viwavi vilivyokaushwa. Ndiyo, viwavi! Wazambia huviokota porini, huviminya matumbo, huvichemsha na kuvikausha juani. Vina protini nyingi. Mwalimu alinunua kikombe kimoja akanikaribisha. Nilikula. Ladha yake ilikuwa kama dagaa wakavu.

Wali tuliuacha Mbeya. Zambia chakula ni nshima. Usiogope jina, ni ugali wa mahindi, ila wao huupika laini kuliko sisi. Nilikuja kuukuta tena Botswana kwa jina jingine. Nguo hubadilika, lakini mwili ni uleule.

Reli hupita katika mkoa mmoja na kijiji cha Chitambo, alikofariki Mskoti David Livingstone mwaka 1873. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti. Kisha wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Sisi tuliopita njia hiyo tumekaa tukilalamika kwamba viti ni vigumu, hatuna budi kuwakumbuka watu hao.

MOSHI UNAONGURUMA

Kapiri Mposhi ndio mwisho wa reli. Nilipanda basi hadi Lusaka, na kesho yake basi jingine hadi mji wa Livingstone. Karibu na mji huo mto Zambezi unaanguka. Wenyeji huita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Upana wake ni mita 1,708, na maji huanguka kama mita 108. Mwezi wa Machi mto huanza kujaa. Nililowa kama niliyesimama mvuani, na jua lilikuwa linawaka. Upande wa pili wa maporomoko ni Zimbabwe.

Kutoka hapo nilikwenda Kazungula kuvuka Zambezi kuingia Botswana. Mwaka ule hapakuwa na daraja. Pantoni ilibeba lori moja kubwa kwa safari moja. Malori yalipanga foleni ndefu. Dereva mmoja Mtanzania aliniambia kuwa alikuwa amelala hapo siku nne. Alikuwa akipikia chini ya lori lake. Tarehe 10 Mei 2021 daraja la Kazungula lilifunguliwa. Lina urefu wa mita 923. Foleni ya pantoni ikawa historia.

NCHI YA PULA

Baada ya kuvuka niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kila abiria aliambiwa akanyage mkeka uliolowekwa dawa. Walituuliza pia kama tuna viatu vingine ndani ya mizigo. Navyo vilitiwa dawa. Abiria mmoja alikuwa na nyama mbichi. Ilichukuliwa.

Sababu ni ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Ugonjwa huu huenezwa na ng'ombe wagonjwa, na pia viatu, magari na nyama. Nyati huweza kubeba virusi vyake bila kuugua. Botswana huuza nyama nchi za nje, hata Ulaya. Ugonjwa ukiingia, soko hufungwa. Kwa hiyo nchi imegawanywa katika maeneo kwa uzio mrefu. Huwezi kuhamisha ng'ombe kutoka eneo moja hadi jingine bila kibali. Uzio huo umeleta hasara pia. Baadhi ya wanyama pori walizuiwa kufika kwenye maji wakafa. Lakini wafugaji niliozungumza nao walisema kwamba bila uzio wasingepata bei nzuri.

Botswana ni kubwa lakini watu ni wachache. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo. Sehemu kubwa ya nchi ni jangwa la Kalahari. Ndiyo maana fedha yao inaitwa pula, maana yake mvua. Kwa Watswana mvua ni baraka kuliko dhahabu.

Mdogo wangu alinipeleka kijijini kwa jirani yake. Familia ya Kitswana kwa desturi ina makao matatu: nyumba kijijini, shamba nje ya kijiji, na kambi ya ng'ombe mbali zaidi. Kijijini kuna kgotla, yaani baraza. Watu hukaa mbele ya mkuu wao, na kila mmoja ana haki ya kusema. Unamsalimia mwanamume "Dumela rra" na mwanamke "Dumela mma". Chakula chetu kilikuwa ugali na viwavi vikavu. Nikacheka. Nilikuwa nimekwisha kuvizoea.

KABLA HUJASAFIRI

Ndugu msomaji, ukitaka kusafiri nje ya nchi, fanya haya:

1. Pata pasipoti mapema. Ulizia kama nchi unayokwenda inataka viza.

2. Pata chanjo ya homa ya manjano, utunze kadi yako. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha kwa maisha yote.

3. Badilisha fedha benki au katika duka lenye kibali. Jua thamani ya fedha kabla hujafika mpakani. Piga hesabu mwenyewe kwa kalamu.

4. Usibebe nyama mbichi wala mizigo ya mtu usiyemjua.

5. Jifunze salamu ya kila nchi unayopita.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Zambia ilihitaji reli ya kwenda Dar es Salaam?

2. Mtu anakupa noti 5 za zamani za kwacha 20,000. Ni kwacha ngapi mpya?

3. Wafugaji wa kijiji chetu wafanye nini ili kuzuia magonjwa ya mifugo kuenea?