Nishani kwa Kipimo cha Gairo

Mnunuzi wa mahindi anayesimamisha lori Gairo, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, haulizi bei ya gunia kabla ya kulitazama lenyewe. Gunia la kawaida ni madebe sita, kilo 100 na ushei. Likitiwa lumbesa, yaani likajazwa kupita mdomo na nundu ya juu ikashonewa kamba, bado huitwa gunia, lakini si gunia lile. Bei moja kwa magunia mawili ya namna hiyo haina maana mpaka kipimo kiwepo.

Nishani zina tatizo hilohilo. Nchi kadhaa hutangaza kwamba zina "nishani ya juu kabisa ya kiraia", na msikilizaji huchukulia kwamba zote zinapima kitu kimoja. Katika makala haya, nishani ni heshima inayotolewa na dola kupitia kwa mkuu wa nchi, pamoja na alama ya kuvaliwa. Tuzo ni heshima inayoambatana na fedha. Mtunukiwa ni anayepokea mojawapo.

Kipimo chetu kitakuwa Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 258,205 wilayani humo, katika nchi yenye watu 61,741,120. Hiyo ni asilimia 0.42, au mtu mmoja katika kila Watanzania 239. Kwa maneno mengine, Tanzania ni Gairo 239, na nishani ya nchi yoyote inaweza kuulizwa swali moja: kwa uwiano wenu, Gairo ingepata wangapi?

Tuanze na India. Bharat Ratna ilianzishwa mwaka 1954, na hadi mwaka 2024 ilikuwa imetolewa kwa watu 53. India ina watu wapatao bilioni 1.4, sawa na Gairo 5,400 hivi. Ukigawanya, mtunukiwa mmoja anaangukia kila Gairo 102. Kwa uwiano huo, Tanzania nzima ingekuwa na watunukiwa wawili na theluthi moja katika miaka 70. Msomaji atakuwa ameshawataja wawili hao moyoni, na mabishano yote yatabaki kwenye theluthi.

Marekani imefungua mkono zaidi. Nishani ya Rais ya Uhuru iliwekwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1963, na tangu hapo imekwenda kwa watu zaidi ya 600, katika nchi ambayo leo ina watu karibu milioni 335. Tukichukua 600 kamili, ni mtunukiwa mmoja kwa kila watu 558,000. Gairo ingepata chini ya nusu mtu. Tanzania ingepata 110.

Ufaransa ni habari nyingine. Legion d'honneur, iliyoanzishwa na Napoleon Bonaparte mwaka 1802, ina wanachama walio hai karibu 79,000 katika taifa la watu milioni 68. Ni mmoja kwa kila watu 861. Gairo peke yake ingekuwa na watunukiwa 300, na Tanzania ingekuwa na karibu 71,700.

Tuwapange watu hao mahali pa kukaa. Watunukiwa wa Tanzania kwa kipimo cha India wanatosha kwenye bodaboda moja, wakikubali kukaa mshikaki. Kwa kipimo cha Marekani wanajaza mabasi mawili ya viti 55. Kwa kipimo cha Ufaransa wanajaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000, na wengine 11,700 wanabaki nje ya geti. Vyote vitatu vinaitwa heshima ya juu kabisa.

Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba India na Marekani nimewahesabu wote waliowahi kutunukiwa, walio hai na waliofariki, ilhali Ufaransa nimehesabu walio hai tu. Kasoro hii inaipunguzia Ufaransa idadi, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Kasoro ya pili inavuta upande wa pili. Legion d'honneur ina madaraja matano, na walio wengi wako daraja la chini. Ukomo uliowekwa kwa daraja la juu kabisa ni watu 75 walio hai. Tukihesabu hao peke yao, sehemu ya Tanzania inashuka kutoka 71,700 hadi 68. Uwanja mzima unageuka basi moja lenye abiria 13 waliosimama. Kwa hiyo anayesoma orodha ya nishani yoyote yenye madaraja anapaswa kwanza kuuliza daraja gani linahesabiwa. Kujumlisha madaraja yote kisha kuyaita "ya juu kabisa" ndiyo lumbesa yenyewe.

Sasa tuje kwenye fedha. Bharat Ratna haina hata rupia moja. Mtunukiwa hupewa hati na medali ya shaba yenye umbo la jani la mpipali, urefu wake ukiwa chini ya sentimita 6. Katiba ya nchi hiyo haimruhusu hata kuifanya nishani kuwa sehemu ya jina lake. Kwa mizani ya soko, thamani yake ni ile ya madini machache na kazi ya fundi.

Ufaransa inalipa, lakini malipo yenyewe yanahitaji kutazamwa kwa karibu. Posho ya mwaka hupewa wale tu waliotunukiwa kwa utumishi wa kijeshi. Raia hapati kitu, na alama ya kuvaa hujinunulia mwenyewe. Mwanajeshi wa daraja la chini hupata euro 6.10 kwa mwaka, na wa daraja la juu kabisa euro 36.59. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 2,900, hizo ni shilingi 17,690 na shilingi 106,111.

Tuzipeleke fedha hizo Gairo, tukikadiria kilo ya mahindi shilingi 1,000. Wa daraja la chini anaondoka na kilo 17.7, takriban debe moja. Wa daraja la juu anaondoka na kilo 106, yaani madebe sita, gunia. Bei ya mahindi ikishuka hadi shilingi 700 baada ya mavuno, gunia linakuwa moja na nusu, lakini uwiano wa debe kwa gunia haubadiliki: moja kwa sita. Huo ndio umbali wa kifedha kati ya ngazi ya chini na ya juu ya mojawapo ya nishani mashuhuri barani Ulaya.

Tuzo hufuata hesabu tofauti. Mwaka 1995 serikali ya India ilianzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, na mtunukiwa wa kwanza alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Kiasi chake kilikuwa rupia milioni 10. Kwa viwango vya wakati ule zilikaribia dola 300,000. Kiasi hicho hakijabadilishwa hadi leo, lakini rupia imeshuka. Kwa rupia 85 kwa dola, ni kama dola 117,600. Mtunukiwa wa sasa anapokea tarakimu zilezile alizopokea Mwalimu, na thamani ya dola pungufu kwa asilimia 60 hivi. Shirika la uchapishaji la Gita Press, lililopewa tuzo ya mwaka 2021, lilipokea heshima na kukataa fedha. Aliyepokea sifuri hakuondoka na hati ndogo kuliko ya Mwalimu.

Ikiwa fedha haielezi thamani ya nishani, pengine muda unaeleza. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960. Tanzania ilimtunuku mwaka 1996, baada ya miaka 36. Marekani ilimpa Nishani ya Rais ya Uhuru Januari 2025, baada ya miaka 64, akiwa mmoja wa watunukiwa 19 wa siku hiyo. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Angechelewa kupangiwa kwa miezi tisa zaidi, jina lake lingeingia kwenye safu ya marehemu.

Kwa upande mwingine kuna mwanariadha Eliud Kipchoge. Alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na tarehe 20 mwezi huohuo, Sikukuu ya Mashujaa, Kenya ikamtunuku Nishani ya Moyo wa Dhahabu daraja la Mzee, la pili kutoka juu. Ni siku nane. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipanda miti tangu mwaka 1977. Nishani ya daraja hilohilo aliipata mwaka 2004, mwaka uleule wa Tuzo ya Nobel. Mifano miwili si takwimu, lakini yote miwili inaelekeza upande mmoja: dola ilikwenda haraka baada ya dunia kushangilia.

Wengine hutunukiwa wakiwa wameshafariki. India ilitoa Bharat Ratna tano mwaka 2024, na nne kati yake, asilimia 80, zilikwenda kwa marehemu. Afrika Kusini ilimtunuku Mwalimu Nyerere nishani ya O. R. Tambo mwaka 2004, miaka mitano baada ya kifo chake. Nishani ya marehemu ina faida moja kwa mtoaji: mtunukiwa hawezi tena kufanya jambo la kuiaibisha. Nani anapoteza katika mpango huo, hesabu haisemi.

Kanuni nazo zihesabiwe. Bharat Ratna ina ukomo wa watu watatu kwa mwaka, lakini mwaka 1999 walitunukiwa wanne, na mwaka 2024 watano. Jawaharlal Nehru aliipata mwaka 1955 na Indira Gandhi mwaka 1971, wote wakiwa mawaziri wakuu wakati huo. Nishani ambayo kiongozi aliye madarakani anaweza kuipokea inapima mchango na cheo kwa pamoja, na msomaji hawezi kutenganisha kilo za kimoja na kingine.

Jinsia inaonyesha jinsi kanuni inavyohamisha tarakimu. Kati ya watunukiwa 53 wa Bharat Ratna, wanawake ni 5, asilimia 9.4. Wa mwisho alikuwa mwimbaji Lata Mangeshkar, mwaka 2001. Tangu hapo wametunukiwa watu 13, na mwanamke hakuna hata mmoja. Ufaransa, tangu takriban mwaka 2008, inataka nusu ya watunukiwa wapya wa kiraia wawe wanawake. Hakuna ushahidi kwamba wanawake wa Ufaransa waliongeza uhodari ghafla mwaka huo. Kilichobadilika ni kanuni ya kuchagua.

Tanzania ina Nishani ya Mwenge wa Uhuru, ambayo Rais hutunuku kwa madaraja. Imebeba jina la kitu kinachogawanywa kwa namna nyingine kabisa. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 2024 ulikimbizwa kuanzia tarehe 2 Aprili hadi tarehe 14 Oktoba, ukipita halmashauri zote 195 za Bara na Zanzibar. Gairo ilipata sehemu yake, moja kati ya 195, yaani asilimia 0.51. Kwa idadi ya watu ilistahili asilimia 0.42. Mgao wake wa Mwenge ni gunia la kilo 100 lililotiwa hadi 123.

Mwenge, basi, hugawanywa kwa mipaka ya halmashauri, na kila mtu anaijua kanuni. Nishani yenye jina lake haina mgao wa wilaya, na wala haidai kuwa nao. Swali la mkazi wa Gairo anayesikiliza majina yakisomwa redioni bila kusikia la kwao ni moja: tumerukwa, au ni bahati tu?

Hilo linaweza kukadiriwa. Tuchukulie kwamba majina ya Watanzania wote yako kwenye debe moja kubwa na yanachotwa bila upendeleo. Kwenye orodha ya majina 100, Gairo ingetarajia watu 0.42, na uwezekano wa kutokuwamo kabisa ni asilimia 66. Kwenye orodha ya 239 ingetarajia mmoja, lakini bado kuna asilimia 37 za kukosa. Ni mpaka orodha ifike majina 717 ndipo uwezekano wa kukosa kwa bahati mbaya unashuka hadi asilimia 5.

Dhana ya debe ina udhaifu wake. Nishani haichotwi, huchaguliwa, na karibu nusu ya Watanzania ni watoto. Hilo la pili halisumbui sana, kwa kuwa watoto wako kila wilaya. La kwanza ndilo zito: vyeo vinavyotunukiwa mara nyingi viko Dodoma na Dar es Salaam. Daktari aliyezaliwa Chakwale, akasoma Morogoro na kufanya kazi Muhimbili, atahesabiwa wapi? Kwa kuzaliwa ni wa Gairo. Kwa makazi ni wa Dar es Salaam. Jibu linaweza kuiongezea Gairo jina au kuliondoa bila mtu yeyote kutunukiwa zaidi.

Kwa hiyo orodha inayoweza kupimwa ingehitaji safu tano mbele ya kila jina: daraja, mwaka wa kazi iliyotunukiwa, cheo cha siku ya kutunukiwa, wilaya ya kuzaliwa, na kama mtunukiwa alikuwa hai. Safu hizo hazigharimu hata debe la mahindi. Orodha ya majina 100 haitoshi kumtuhumu wala kumsafisha yeyote. Kuanzia jina la 717, Gairo inaweza kuuliza.