CHANJO YA KURUDIA: KWA NINI SINDANO YA MWANZO PEKEE HAITOSHI

Wananchi walio wengi, wa mjini na wa shamba, wameshachanjwa japo mara moja katika umri wao, na kila mmoja ana lake la kusimulia. Yupo anayekumbuka mkono uliomuuma siku mbili, yupo aliyekesha na mtoto mwenye homa, na yupo ambaye hakuhisi chochote, akadhani kwamba hakupewa dawa ya kweli. Masimulizi haya hayafai kudharauliwa, kwani mara nyingi ndiyo yanayomfanya mtu arudi kituoni siku aliyopangiwa, au abaki nyumbani. Makala haya yanakusudia kueleza kinachotokea mwilini baada ya chanjo, sababu ya baadhi ya chanjo kurudiwa, na wajibu wa kila mmoja wetu katika jambo hili.

Maumivu na homa baada ya chanjo

Chanjo nyingi hutengenezwa kwa vijidudu vya maradhi vilivyouawa au kudhoofishwa, kwa sehemu tu ya vijidudu hivyo, au kwa sumu yao iliyokwisha kuondolewa makali. Mwili unapoipokea huiona kuwa ni mgeni asiyetakiwa, nao huanza kuandaa kinga dhidi yake. Maandalizi hayo ndiyo yanayoleta maumivu, uvimbe mdogo na homa.

Kila chanjo ina desturi yake. Ile inayomkinga mtoto na dondakoo, kifaduro na pepopunda huweza kuleta homa siku ile ile au siku ya pili, kisha homa huondoka yenyewe. Chanjo ya surua huweza kuleta homa na vipele vichache baada ya wiki moja hadi mbili. Chanjo ya kifua kikuu, anayopewa mtoto mchanga, hutoa kipele baada ya wiki kadhaa. Kipele hicho hupasuka, hupona na kuacha kovu. Kisiminywe wala kisipakwe dawa. Aidha, asiyepata homa wala maumivu asidhani kwamba chanjo yake haikufanya kazi, kwani miili haifanani.

Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na aghlabu hujitokeza katika dakika chache za mwanzo. Kwa sababu hiyo wauguzi humtaka aliyechanjwa asubiri kidogo kabla ya kuondoka. Homa kali isiyoshuka, degedege au shida ya kupumua si mambo ya kungojea nyumbani. Mgonjwa arejeshwe kituoni bila ya kuchelewa.

Yaliyotokea Merca mwaka 1977

Hofu ya sindano si jambo geni wala si aibu, lakini ina gharama yake. Katika mji wa Merca, mwambao wa kusini mwa Somalia, alikuwapo kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Ingawa alifanya kazi miongoni mwa watu wa afya, alikuwa ameikwepa chanjo ya ndui, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililowachukua watoto wawili wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari hiyo ilikuwa ya dakika chache tu, nayo ilitosha kumwambukiza. Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa mjini humo katika muda wa wiki mbili ili maradhi yasienee.

Bwana Maalin alipona, na hakumwambukiza mtu mwengine. Akawa ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, akiwaeleza wazazi wenye wasiwasi yaliyomfika yeye kwa kuogopa sindano. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Kwa nini chanjo nyengine hurudiwa

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ndui imekwisha na watoto wa leo hawachanjwi tena dhidi yake, kwa nini pepopunda inaendelea kudai sindano baada ya sindano? Jawabu ni kwamba ndui ilikuwa ikiishi kwa binadamu tu. Ilipokosa mtu wa kumwingia, ilikatika. Ama vijidudu vya pepopunda makaazi yake ni udongo na kinyesi cha wanyama, na huweza kudumu humo miaka mingi. Haviwezi kufagiliwa duniani, wala chanjo ya jirani haimkingi asiyechanjwa. Hata aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa ugonjwa huo, bali naye hana budi kuchanjwa.

Dozi ya mwanzo huufundisha mwili kumtambua adui, lakini mafunzo hayo hufifia. Dozi zinazofuata huyakumbusha na kuyaimarisha. Kwa mwanamke aliyefikia umri wa kuzaa ambaye hakuwahi kuchanjwa, dozi ya pili hutolewa wiki 4 baada ya ya mwanzo, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwengine. Dozi mbili humkinga kwa miaka 3, tatu kwa miaka 5, nne kwa miaka 10, na tano humtosha kwa umri wote wa kuzaa. Kinga hiyo humfikia pia mtoto aliyemo tumboni, ambaye kitovu chake kikikatwa kwa wembe usio safi huwa mlango wa maradhi hayo.

Visiwa vyetu vina ushahidi wao. Mwanzoni mwa mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, dozi mbili kwa kila mtu. Takriban nusu ya waliostahiki walikamilisha zote mbili. Uchunguzi uliofuata ulionesha kuwa kwa waliokamilisha, hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 79. Hata wasiochanjwa walinufaika pale ambapo majirani zao wengi walikuwa wamechanjwa.

Waliochelewa na wanaosafiri

Wapo wazazi walioipitisha tarehe ya chanjo, wakaona haya kurudi kwa kuchelea kukaripiwa, au wakadhani kwamba itawabidi kuanza upya. Ifahamike kwamba kwa chanjo za kawaida za watoto aliyechelewa haanzi upya, bali huendelea pale alipoishia. Kilicho muhimu ni kurudi mapema pamoja na kadi. Wauguzi nao wanakumbushwa kuwapokea wazazi hao kwa kauli njema, kwani mzazi aliyefedheheshwa harudi tena.

Kwa wasafiri, cheti cha homa ya manjano, ambacho zamani kilikuwa cha miaka 10, tokea Julai 2016 kinatambuliwa kwa umri wote wa mwenye nacho. Wanaokusudia kwenda Hija wanatakiwa wawe wamechanjwa uti wa mgongo si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili Saudi Arabia. Chanjo hiyo ina muda wake maalumu, hivyo aliyekwenda miaka iliyopita aiangalie tarehe ya cheti chake.

Wajibu wetu

Wakuu wa kazi wanaombwa kuwaruhusu wafanyakazi wao, mama na baba, kuwapeleka watoto kituoni siku zilizoandikwa katika kadi. Masheha na walimu wa skuli na vyuo wawakumbushe wananchi. Kila mzazi aihifadhi kadi ya mtoto wake kama anavyohifadhi cheti cha kuzaliwa, aisome tarehe iliyomo, na ikifika asingoje kukumbushwa. Maumivu ya sindano ni ya siku mbili, na pepopunda ikimpata mtoto mchanga aghlabu haimbakishi.