Bonde la Ruzizi: maji yanayopita mlangoni petu

Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi huanza safari amevaa koti. Gari likishamaliza kona za Ngomo na kuingia Kamanyola, koti linavuliwa. Mbele yake ni uwanda wa joto: mpunga, migomba, muhogo, makundi ya ng'ombe, na upande wa kushoto mto Ruzizi.

Wengi wetu hupita hapa tukiwaza ubovu wa barabara na usalama wa safari tu. Lakini ndugu wapendwa, bonde hili ndilo hulisha masoko yetu na kuwasha taa zetu. Inafaa tulifahamu.

Mto uliogeuka

Zamani sana maji ya eneo la Ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka, zikaziba njia hiyo. Maji yakajaa, yakatafuta mlango kusini, ndipo yakashuka kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwa moja hadi lingine mto huanguka karibu mita 700. Ukiwa njiani, unatenganisha Kongo na Rwanda, kisha Kongo na Burundi.

Mnamo Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi kwenye mdomo wake. Walitaka kujua kama Ruzizi hutoka Tanganyika kwenda kulisha Nile. Waliona maji yanaingia ziwani, hayatoki. Wenyeji wa huko walikuwa wakilijua jambo hilo siku zote.

Pamba, sukari na mpunga

Wakati wa Wabelgiji wakulima wa uwandani walipangiwa mashamba ya pamba, na mifereji ikachimbwa kuleta maji ya mito inayoshuka milimani. Miaka ya 1950 kiwanda cha sukari kilijengwa Kiliba, na familia nyingi zikaishi kwa miwa. Vita vya 1996 vilikisimamisha. Juhudi za kukiamsha zilifanyika baadaye, lakini ile Kiliba ambayo wazee wanaisimulia haijarudi.

Vita hivyo viligusa pia milima iliyo juu ya bonde. Huko Lemera, Wapentekoste wa Uswidi walikuwa wamejenga hospitali ambayo mganga mkuu wake alikuwa Denis Mukwege. Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa humo.

Leo nguvu ya bonde ni chakula. Mpunga wa Luberizi na Sange, mahindi, muhogo, nyanya na maziwa hupanda kwenda Bukavu na kushuka kwenda Uvira. Barabara ikikatika kwa mvua au kwa vita, bei hupanda sokoni siku hiyo hiyo. Mkulima naye huona nyanya zake zikioza.

Umeme unaopita juu

Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II lilianza kazi mwaka 1989, nalo ni la pamoja kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hilo ni jambo la kushangaza: nchi tatu zilizogombana mara nyingi zimeendelea kugawana umeme wa mto mmoja. Lakini vijiji vingi vya uwandani bado huwasha kibatari, hali mto unaozalisha umeme huo uko mlangoni pao.

Ardhi ni ile ile

Wakati wa kiangazi ng'ombe hushuka kutafuta majani na maji. Hapo mkulima na mfugaji hukutana kwenye shamba moja. Kesi ndogo ya mihogo iliyoliwa ikiachwa bila kuamuliwa, wenye silaha huichukua na kuifanya yao. Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja huko Mutarule, karibu na Luberizi, baada ya mivutano ya muda mrefu ya ng'ombe na ardhi. Baadhi yao walikuwa katika ibada.

Uzuri wake

Hata hivyo bonde hili lingestahili wageni. Viboko na mamba wamo mtoni. Karibu na mdomo wake, upande wa Burundi, kuna Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, yenye ndege wengi. Ng'ambo ya Kamanyola, huko Bugarama nchini Rwanda, watu huoga kwenye chemchemi za maji ya moto. Na jioni, kutoka Uvira, milima ya pande zote mbili huonekana imelikumbatia ziwa.

Makanisa yetu yako katika karibu kila kijiji cha uwandani, na wakulima na wafugaji huketi humo. Basi tusingoje wakubwa. Kabla ya kiangazi kuanza, wazee wa kanisa na wazee wa kijiji wakae pamoja, wakubaliane njia ya ng'ombe, zamu za maji ya mfereji, na namna ya kulipa shamba lililoharibiwa. Ikiwa nchi tatu zimeweza kugawana mto, vijiji viwili havishindwi kugawana mfereji.