Chango na moshi wa plastiki

Hapa Kendwa tunachoma taka uani, na chupa za plastiki humo humo. Moshi wa taka hizo huwa na sumu iitwayo dioksini. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walieleza kuwa kima majike waliolishwa sumu hiyo walipata endometriosisi, yaani utando kama wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake.

Kwa wanawake ushahidi haujakamilika, na simwambii binti yangu kuwa moshi ndio uliomdhuru. Lakini kila mwezi hulala siku 3 kwa maumivu. Majirani wanasema ni chango tu, nimchemshie mizizi. Mimi nimempeleka hospitali.

Je, tungoje ushahidi ndipo tuzime moto? Wahusika watuletee gari la taka.

Mama Mzazi,
Kendwa, Unguja.