Mstaafu Aliyebaki Daftarini

Kaptembwo ni mtaa wenye watu wengi, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Mimi ni mtu wa pwani, na baridi ya huko hunikumbusha kila mara kuwa bahari nimeiacha mbali. Jioni moja nilikuwa nimejikunyata katika kibanda cha chai, nikingojea maandazi, mara nikamsikia kijana akifoka: "Huyo mtu amestaafu, na bado anakula mshahara wangu!"

Nilidhani ni kesi ya pensheni. Kumbe ni habari ya mpira. Tena si mpira wa kuchezwa kwa miguu, bali mpira wa daftari.

Msomaji ambaye hajaujua mchezo huu na aelewe hivi. Wewe unajifanya mwenye timu. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi ya Uingereza, na kila wanachokifanya uwanjani, kama kufunga bao au kulinda lango lisifungwe, huwa ni pointi zako. Mashindano makubwa ya namna hii, Fantasy Premier League, yalianza mwaka 2002, na washiriki wake leo wamepita milioni 10 duniani. Kila mmoja hupewa pauni milioni 100 za kubuni, anunue wachezaji 15, wasizidi 3 kutoka klabu moja. Humo mstaafu hana taabu: unamuuza, unamchukua mwingine, maisha yanaendelea.

Lakini vijana 12 wa Kaptembwo waliuona mchezo huo ni mwepesi mno. Mwaka 2023 wakaanzisha wao wenyewe ligi ya mikataba. Kila mmoja ana kikomo cha mishahara, milioni 100 za daftari kwa msimu. Wachezaji hunadiwa, na anayeshinda mnada humwandikia mchezaji wake mkataba wa msimu mmoja hadi mitatu. Mshahara huo huhesabiwa kila msimu, upende usipende. Kila kijana hutoa shilingi 500, na bingwa hubeba zote 6,000. Kuhusu hizo 500 niliwaambia neno langu juu ya kamari, wakanisikiliza kwa adabu, wakaendelea.

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alimnunua Joel Matip, beki wa Liverpool na zamani wa Kameruni, kwa milioni 6 kwa msimu, misimu mitatu. Desemba 2023 Matip aliumia goti. Kiangazi cha 2024 mkataba wake wa kweli na Liverpool ukaisha, na Oktoba ya mwaka huo ikatangazwa kuwa amestaafu, naye ana umri wa miaka 33. Fundi akataka milioni 6 zake zirudi, anunue beki mwingine. Mwenziwe muuza mitumba, aliyekuwa akiongoza jedwali, akamwambia: "Ulitia sahihi mwenyewe. Beba mzigo wako." Wakafunua daftari. Daftari halikuwa na hata neno moja juu ya kustaafu. Nilipofika mimi, marafiki hao waliokua pamoja walikuwa wakikaa kila mtu benchi lake.

"Mzee," wakaniambia, "wewe si wa huku, huna upande. Tuamulie."

Nikawasikiliza wote wawili, na wote wawili nikawaona wana haki. Fundi hakulivunja yeye goti la Matip. Lakini mstaafu akifutwa bure bure, kila mjanja atawanunua wazee kwa mikataba mirefu, ajue kuwa siku wakichoka mzigo utayeyuka wenyewe.

Huko Marekani, ulikotoka mtindo huu wa kikomo, jambo hili ni la fedha za kweli. Ligi yao ya mpira wa Kimarekani iliweka kikomo cha mishahara mwaka 1994. Tom Brady alipostaafu Februari 2023, malipo aliyokwisha ahidiwa yaliendelea kuhesabiwa: takriban dola milioni 35 zilikula nafasi ya klabu yake ya Tampa Bay msimu huo, katika kikomo cha dola milioni 224.8. Mtu yuko kwake amepumzika, na kivuli chake bado kinakalia kiti.

Tena liko la pili, ambalo vijana hawakuwa wamelifikiria: mstaafu kurudi. Brady huyo huyo alikuwa amestaafu Februari 1, 2022, akarudi Machi 13, yaani siku 40 kamili, arobaini yake yenyewe! Naye Paul Scholes wa Manchester United alistaafu Mei 2011, na Januari 2012 akaonekana tena uwanjani dhidi ya Manchester City. Je, mtu kama huyo ni wa nani? Wa aliyekuwa naye, au wa mnada?

Chuoni tulifundishwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haisimulii vita wala miujiza. Inahusu kuandikiana deni. Nasi Waswahili twasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana hawa daftari walikuwa nalo, lakini waliandika furaha ya kununua tu, wakasahau siku ya kuachana. Sharti huandikwa kabla, wakati hakuna anayejua litamfaa nani na kumuumiza nani. Likiandikwa baada ya tukio, kila mtu huandika kwa tumbo lake.

Basi sikutoa hukumu, nilitoa sulhu. Kwa kuwa daftari lilinyamaza, fundi abebe nusu, milioni 3, hadi mkataba uishe, na nusu arudishiwe. Kwa misimu ijayo waandike hivyo hivyo kwa kila mstaafu. Na akirudi? Hapo nikawapa kanuni ya mafakihi, kuwa faida huandamana na dhamana. Aliyeendelea kubeba mshahara wake ndiye mwenye haki naye. Aliyekwisha kuutua mzigo wote, angoje mnada kama wenziwe.

Fundi alikubali. Muuza mitumba alisema nusu ni ndogo, wakabishana tena, lakini safari hii walibishana wao kwa wao, si kwa kupitia kwangu. Nikakumbuka kuwa Nakuru hii ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa taifa, kwa Nakuru AllStars, mwaka 1963, enzi za mpira wa ridhaa. Wastaafu wa siku zile hawali mshahara wa mtu, hata wa daftari.

Nilipoondoka niliwaachia ubeti huu, waubandike kwenye jalada:

Kabla ya mchezo kwanza, andikeni daftari,
Sharuti mkizitunza, hamtoingia shari,
Mstaafu akianza, kurudi bila habari,
Rafiki hamtaponza, kwa jina la mashuhuri.