Kansa ya Matiti: Mama Asiachwe Peke Yake

Huko Australia akina mama wenyeji wa asili wanaougua kansa ya matiti hawaponi kwa wingi kama wanawake wengine. Kwa nini, hali tangu 1991 serikali ina mpango wa kupima matiti kwa eksirei bila malipo? Kwanza ni umbali: mpaka 2010, Northern Territory nzima haikuwa na tiba ya mionzi, na toka Alice Springs hadi Darwin ni kilomita 1,500 hivi. Pili ni haya na upweke: mama huvua nguo mbele ya wageni, mbali na dada na shangazi zake. Basi tukumbuke kuwa mashine pekee haiponyi. Mama aonapo uvimbe, jamaa wamsindikize mapema, na daktari amweleze kwa lugha aijuayo.