Goma: Kitambi kinapunguza kolesteroli nzuri kwa wanaume

Hospitali ya CBCA Ndosho, mjini Goma, inajulikana kwa miaka mingi kwa kupokea majeruhi wa vita. Lakini kuna hatari ingine isiyo na mlio wa risasi: kitambi, ambacho bado kuna wanaume wanaokihesabu kuwa alama ya pesa.

Kolesteroli nzuri, ambayo waganga wanaiita HDL, inafanya kazi kama chukudu: inabeba mafuta yaliyogandama kwenye kuta za mishipa ya damu na kuyarudisha kwenye ini, yapate kutolewa mwilini. Mishipa ikiziba, moyo au ubongo unakosa damu.

Mafuta ya tumbo yanavuruga kazi hiyo. Yanasukuma ini kumwaga katika damu mafuta mengine yanayoitwa trigliseridi. Hayo yakizidi, yanaingia ndani ya HDL na kuchukua nafasi ya kolesteroli. HDL ya namna hiyo inavunjika upesi, na protini yake inapotelea kwenye figo. Chukudu zinabaki chache.

Wanaume wako karibu zaidi na hatari hiyo: HDL yao kwa kawaida iko chini kuliko ya wanawake, na mafuta yao yanajikusanya zaidi tumboni. Kwa mwanaume, HDL chini ya miligramu 40 kwa desilita moja ya damu ni ndogo. Trigliseridi zikifika 150, zimepita kiasi.

Je, dawa inaweza kuipandisha? Kampuni ya Pfizer ilijaribu moja, torcetrapib. HDL ilipanda sana, lakini vifo viliongezeka kati ya walioitumia, na jaribio likasimamishwa Desemba 2006. Kupandisha namba peke yake hakutoshi. Ni lazima kupunguza kitambi chenyewe.

Kosa si la mafuta ya mawese tu. Sukari, bia na bugali vikizidi kazi ya mwili, ini linavigeuza kuwa trigliseridi. Anayesukuma chukudu toka Sake anavichoma. Anayekaa siku nzima juu ya pikipiki au nyuma ya meza havichomi.

Mwenye kilo 100 akipunguza kilo 5 hadi 10, trigliseridi zinashuka, na HDL inaanza kupanda uzito ukiisha kutulia. Kwa kuanza, mita ya fundi wa nguo inatosha: mwanaume mwenye kiuno cha sentimita 94 au zaidi aende kuomba kipimo cha mafuta ya damu, hata kama hasikii maumivu.